Joshi Si Mbio, Jamani

Nilirudi Ndau na sanduku moja na begi la mgongoni, wiki ambayo wenzangu walikuwa wanaanza muhula wa pili wa mwaka wa pili. Sikufukuzwa. Sikufeli. Ada ilikwama, ikakwama tena, na mimi nikaona bora nirudi nyumbani kuliko kulala kwenye sakafu za watu nikisubiri muujiza. Pale pwani, kabla sanduku halijateremshwa kwenye boti, mzee mmoja mwenye heshima zake alinitazama juu mpaka chini, akatikisa kichwa, akasema: "Dau la mnyonge haliendi joshi, mwanangu." Watu wakaitikia "ndiyo hivyo, ndiyo hivyo" kama wanaoitikia dua. Nikachukua sanduku langu nikaenda zangu.

Mzee hakuwa na ubaya. Alikuwa ananipa pole. Lakini pole ile ilinikaa kooni kama mwiba wa changu, na leo nautoa.

Methali hii ukizaliwa visiwani huku unaisikia kabla hujajua kuogelea. Umekosa kazi iliyopewa mtoto wa fulani? Dau la mnyonge. Umeposa, ukaambiwa mahari yako haitoshi? Dau la mnyonge. Umefungua kibanda cha chipsi, mwenye nyumba akapandisha kodi? Dau la mnyonge, wangu, tulia. Ina mkia pia, ambao husemwa kwa sauti ya chini: likienda joshi, ni Mungu kupenda. Ukishaambiwa hivyo huna tena la kujibu, maana utaonekana unabishana na Mungu.

Sasa swali langu ni moja tu, na nataka ujijibu kimoyomoyo kabla hujaendelea kusoma: joshi ni nini?

Najua ulichojibu. Umesema mbio. Umesema kasi. Mimi pia ningesema hivyo. Shuleni tulifundishwa methali na mwalimu mzuri tu, Mola ampe afya, ambaye kwao hakuna bahari. Aliandika ubaoni: chombo cha maskini hakiendi kasi, hutumiwa kumfariji mtu asiyefanikiwa. Tukanakili. Mtihani ukaja, nikaandika vilevile, nikapata alama zote mbili. Na wakati tunanakili, dirisha la darasa lilikuwa wazi, na huko nje mashua ilikuwa inapita imetweka tanga, na ndani yake mna watu wasiojua kusoma ambao wangeweza kumsahihisha mwalimu bila hata kushusha mkono kwenye usukani. Hakuna aliyetoka kuwauliza. Mimi mwenyewe sikutoka.

Na si shuleni tu. Mwaka jana nilirekodi video nikiwa kwenye boti ya mashini, injini inanguruma, maji yanaruka, mimi nimesimama mbele nimevaa miwani ya jua kama mjinga. Nikaandika juu yake: "Dau langu sasa linaenda joshi!" Video ilitembea vizuri kuliko zote nilizowahi kuweka. Nikampelekea babu yangu, mzaa mama, aliyekuwa nahodha miaka mingi kabla magoti hayajamkataza, nikidhani atafurahi. Akatazama. Akaniomba nirudishe mwanzo. Akatazama tena. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu, akamwita bibi aje aone.

"Mashini haina joshi," akaniambia. "Mashini haina joshi wala demani. Hiyo inakwenda tu."

Nikamuuliza, babu, kwani joshi si mbio? Akanyamaza kidogo. Ule ucheshi wote ukamtoka usoni. Nadhani ndipo alipogundua kwamba mjukuu wake, aliyefika mpaka chuo kikuu, hajui neno ambalo yeye alilijua akiwa mtoto wa kuchota maji kwenye chombo.

Basi alinikalisha, na mimi nakukalisha wewe.

Tanga la pembe tatu lina pembe mbili za chini. Ile ya mbele inafungwa kwa kamba kuelekea omo, yaani kichwani mwa chombo, na hiyo ndiyo joshi. Wengine husema goshi. Ile ya nyuma ina kamba yake ambayo unailegeza au kuivuta kulingana na upepo, na hiyo ni demani. Kutokana na hizo, pande za chombo nazo zikachukua majina. Upande upepo unakotoka ni joshini. Upande upepo unakokwenda ni demani. (Demani pia ni majira, wakati kusi linapopoa kabla kaskazi halijaingia, ndiyo maana rafiki yangu mmoja alidhani haya yote ni mambo ya kalenda.) Si siri ya Ndau hii. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo neno hilo kwenye mambo ya tanga na upepo, mahali pake hasa. Kwenda joshi ni kukielekeza chombo kule upepo unakotoka, ukijibana karibu na upepo kadiri tanga linavyovumilia. Mbio haimo. Tafuta juu, tafuta chini, haimo.

Na kama bado unabisha, hebu tufanye jaribio, tena usitumie kamusi, tumia akili yako tu.

Ndau iko kaskazini mashariki ya mji wa Amu. Likivuma kusi, tuseme Juni au Julai, mtu anayetoka Amu kurudi nyumbani ana upepo mgongoni. Unatoka tezi, nyuma ya chombo, unasukuma. Babu anasema siku hizo ukitweka tanga alfajiri Amu, adhuhuri unasali kwenu. Hata dau bovu linaruka. Hata la mtu asiye na kitu, tanga lina viraka vya gunia, baharia ni yeye na mwanawe wa miaka kumi, linaruka! Kwa hiyo dau la mnyonge linaenda mbio. Linaenda mbio sana, upepo ukiwa wake. Kama methali ingekuwa inasema kuhusu kasi, kila Mbajuni aliyewahi kusafiri na kusi angeicheka na isingefika kizazi cha pili.

Sasa geuza. Ni Januari, kaskazi limekaza, na safari ni ileile: Amu kwenda Ndau. Upepo unatoka kulekule unakotaka kwenda. Huwezi kuukabili uso kwa uso, tanga litapigapiga kama nguo kwenye kamba na chombo kitasimama. Inabidi ukate upande mmoja, umejibana na upepo, halafu ugeuze ukate upande wa pili, halafu tena, halafu tena. Kila ukikata unasogea mbele kidogo tu. Hapo ndipo penye joshi. Na hapo ndipo dau la mnyonge linaposhindwa, na kuna sababu unazoweza kuzishika kwa mkono.

Kwanza tanga. Tanga zuri limekazwa, linashika upepo bila kufanya tumbo. Tanga lililochakaa limevutika, ukijibana na upepo linafura na kukusukuma kando badala ya mbele. Pili umbo. Chombo kidogo kisicho na mkuku wa kutosha majini hakina cha kujishikilia, kinateleza kuelekea demani, kwa hiyo ulichokipata mbele umekipoteza pembeni. Tatu uzito. Upepo unakilalia chombo, lazima kiwe na farumi ya kukituliza, au watu wapande upande wa joshi wakakalie ubao uliotokezwa nje ya chombo ili kisipinduke. Ukiwahi kuona mashindano ya vyombo Amu umewaona wale jamaa wamejipanga kwenye ubao, makalio nje, bahari chini yao. Hawapo pale kwa ajili ya kupigwa picha. Wao ndio uzito. Wakitoka, chombo kinalala.

Nne, na hili ndilo babu alilikazia mpaka akasimama kunionyesha, ni mikono. Tanga letu limening'inia kwenye foromali, ule mti mrefu, na foromali iko upande mmoja wa mlingoti. Ukitaka kukata upande wa pili, foromali na tanga lake zima lazima zihamishwe zipite mbele ya mlingoti kwenda upande mwingine. Hiyo inaitwa kukisi tanga. Si kazi ya mtu mmoja. Mmoja ashike usukani, mwingine alegeze demani, mwingine aikimbilie joshi, wengine waibebe foromali chini yake, tena yote kwa pamoja na kwa amri, maana mkichelewa upepo unaingia kwa mbele, unalilaza tanga kwenye mlingoti, chombo kinasimama kama punda aliyekasirika, na kinaanza kurudi kinyumenyume. Babu aliwahi kusafiri Amu kwenda Ndau wakati wa kaskazi wakiwa watatu tu. Siku mbili, na usiku mmoja kulala Faza mikono imechubuka. Safari hiyohiyo, chombo hichohicho, aliwahi kwenda wakiwa saba.

Mimi sikuhitaji aniambie walichukua muda gani wakiwa saba. Sura yake ilitosha.

Unaona sasa nilichoibiwa pale pwani na sanduku langu? Ukiniambia joshi ni mbio, unaniambia mimi maskini ni wa polepole. Ni tabia yangu. Ni ndivyo nilivyoumbwa, na dawa yake ni kuvumilia. Ukiniambia joshi ni kukabili upepo, umebadilisha mazungumzo yote. Sasa tunaulizana: upepo unatoka wapi? Tanga langu limetobokea wapi? Mkuku wangu una kina gani? Na la kuuma zaidi: mabaharia wako wapi? Maana wale waliokuwa pwani wakiitikia "ndiyo hivyo" walikuwa wengi wa kutosha kukisi tanga la jahazi.

Chuoni nilikaa chumba kimoja na kijana ambaye nyumbani kwao ni mwendo wa matatu moja kutoka lango la chuo. Kijana mzuri, tulipendana, hata sasa tunaandikiana. Mimi kufika darasani siku ya kwanza nilipanda boti Ndau mpaka Amu, nikavuka Mokowe, nikapanda basi, barabara ya Witu na Garsen miaka ile ikisafiriwa na walinzi wenye bunduki, mpaka Mombasa, halafu basi jingine. Nilipofika tayari nilikuwa nimekula nusu ya pesa ya mwezi. Yeye alikuwa anakwenda na kusi. Mimi nilikuwa nakata kaskazi, tena wakiwa nyuma yangu watu wawili tu, mama na babu. Alipomaliza mwaka mimi sijamaliza, watu walisema "mwenzako ana kasi." Kasi gani, jamani?

Sasa nataka niwaudhi na wengine pia, si wazee peke yao.

Wanangu wa rika langu, mnalijua neno dau? Juzi nililiandika kwenye simu nikitafuta picha za vyombo vya zamani, nikaletewa kamari. Weka dau, dau limepanda, dau nono. Chombo cha maji kimekuwa pesa ya kubahatisha. Sikatai, neno linaweza kuwa na kazi mbili. Lakini kijana wa Amu akisikia "dau la mnyonge" akadhani ni mkeka wa shilingi hamsini ulioungua kwa goli la dakika ya mwisho, basi tumeshafika pabaya. Tena kwenye mkeka methali inakuwa kweli kwa namna ya kijinga kabisa: mwenye pesa kidogo hushinda kidogo. Asante sana, hilo hata kasuku anajua.

Na nyinyi mnaoandika "dhow" chini ya kila picha yenye tanga! Hilo neno ni la Waingereza. Walikuja, wakaona vyombo vyenye matanga ya pembe, wakaviita vyote jina moja kwa sababu hawakuwa na haja ya kuvitofautisha. Sisi tunayo haja. Jahazi si mashua. Mashua si dau. Dau si hori. Mtepe, uliokuwa unashonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, na ambao Wabajuni walikuwa mafundi wake wanaojulikana, sasa unautafuta kwenye makumbusho. Kila jina hapo linakuambia chombo kimejengwaje, kinabeba nini, kinapita maji ya kina gani, na ndiyo, kinaweza kwenda joshi kiasi gani. Ukishaviita vyote "dhow" methali yetu inakufa papo hapo, kwa sababu methali haikusema jahazi la mnyonge. Ilisema dau. Ilichagua chombo kidogo makusudi. Mtu aliyeitunga alikuwa anajua vyombo kama wewe unavyojua aina za simu. Hebu fikiria mjukuu wako aje aseme simu zote ni simu tu, hata kile kitochi cha vibonye.

Utaniambia lugha hubadilika. Najua. Mimi ninayeandika hivi ninasema "kontenti" mara kumi kwa siku, sina mdomo wa kumhukumu mtu. Neno likibadilika kwa sababu watu wamepata kitu kipya, hewala. Lakini hapa hatujapata kipya. Tumepoteza kitu tulichokuwa nacho, na kilichobaki mahali pake ni tusi lililofunikwa kwa pole. Nani anafaidi maskini akiamini yeye ni wa polepole kwa kuzaliwa? Si maskini.

Ngoja nikupe mfano usiokuwa wa methali, wa mambo tunayoyaona kwa macho.

Bandari mpya ya Lamu, kule Kililana, gati ya kwanza ilizinduliwa Mei 2021. Kabla ya hapo maji yalichimbwa ili meli kubwa zipite, na sehemu ambazo wazee wetu walikuwa wanavua zikaharibika au zikafungwa. Wavuvi walipolalamika, walikuwapo watu wa mjini waliovaa tai wa kuwaambia: basi nendeni bahari kuu, samaki wako huko. Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu, kwenye mkutano mmoja, na aliyeyasema alitabasamu kama aliyefumbua fumbo. Mwenyewe unajua nje ya miamba yetu kukoje likiwa limekaza kusi. Mtu ana dau au mashua ndogo, hana barafu, hana mashini ya maana, tanga lenyewe anashona na mkewe, unamwambia aende bahari kuu. Umemwambia aende joshi. Na akishindwa utasema nini? Utasema wavuvi wa Lamu ni wavivu, hawana kasi, hawataki maendeleo. Unaona neno lilivyofanya kazi yake? Kama yule bwana angejua joshi ni nini, angejiona mwenyewe anachokisema. Angejua kwamba swali linalofuata ni la vyombo na watu, na kwamba swali hilo linamrudia yeye.

Lakini hadithi hiyo haikuishia kwenye tabasamu lake. Mwaka 2012 watu wa Lamu walikwenda mahakamani, kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake. Ikazunguka. Miaka sita! Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu, Malindi, ikasema haki zao za mazingira safi, za utamaduni na za kupata habari zilikiukwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Gawanya mwenyewe, ni kama laki tatu na elfu themanini kwa mtu. Usishangilie bado. Miaka baada ya hukumu, wavuvi walikuwa bado wanazungushwa kwenye vikao na orodha za majina. Mwaka uliofuata hukumu, Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni ya ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa unaletwa huku kwetu, na hapo pia waliosimama ni watu wa kawaida, wavuvi, kina mama, vijana, kwa miaka.

Nilimsimulia babu habari za kesi nikitaka kusikia atasema nini. Nilidhani atasema dau la mnyonge limekwenda joshi, Mungu amependa. Akasema: "Walibisha."

Na hapa nikabaki mdomo wazi, kwa sababu mimi neno hilo nalijua kwa maana mbili. Kubisha hodi mlangoni. Kubisha maneno, kama vile mtoto anavyoambiwa "usibishe!" na kupigwa kofi. Babu alikuwa na ya tatu. Chombo kinachokata upande huu na upande huu kikiukabili upepo, kinabisha. Upepo wa kukukabili ni upepo wa bisho. Hakuna njia nyingine ya kwenda joshi ila kubisha. Unakwenda kushoto watu wa nchi kavu wanadhani umepotea, unakwenda kulia wanadhani umebadili nia, na wewe unajua kila kukata kumekusogeza. Miaka sita ya mahakamani, tarehe inaahirishwa, shahidi hayupo, faili limehamishwa, ukiitazama kutoka nchi kavu ni watu wanaozunguka tu. Na hawakuwa wawili watatu. Walikuwa elfu nne na mia sita kwenye ubao mmoja.

Kwa hiyo nikisikia tena mtu mzima anamwambia kijana "usibishe" halafu palepale anamwambia "dau la mnyonge haliendi joshi," nitacheka kama babu alivyonicheka mimi. Umemkataza kitu kimoja tu kinachoweza kumfikisha, halafu unampa pole kwa kutofika.

Na ule mkia wa methali, Mungu kupenda, usinielewe vibaya. Mimi ni mtoto wa madrasa, siwezi kusafiri bila kusema inshallah. Lakini sijawahi kumwona nahodha hata mmoja aliyesema inshallah kisha akaacha tanga chini. Babu akitweka alikuwa anasoma Fatiha, na mikono yake muda wote huo iko kwenye henza, anavuta.

Chuoni sijarudi. Wanaoniuliza kila siku nitarudi lini, sijui, na sitaki kuwadanganya. Kwa sasa nina simu, nina babu mwenye maneno ambayo hayapo kwenye notisi za mtu yeyote, na mtandao wa hapa Ndau unaoshika vizuri nikipanda kwenye tangi la maji. Nimeanza kumrekodi. Mpaka sasa nimepata maneno ya tanga, ya kamba na ya upepo, nakosa ya ujenzi wa chombo, maana fundi aliyeyajua hapa kwetu amehamia Amu na hapokei simu.

Kaskazi likiingia, mjomba wangu anapeleka mashua yake Amu kununua mbao, na kurudi atarudi kwa tanga ili aokoe mafuta. Kurudi ni joshi tupu. Nimemwomba nipande, nirekodi kukisi tanga kuanzia amri ya kwanza mpaka joshi ifungwe upande wa pili. Amekubali kwa sharti moja: simu nimpe mtoto, mimi nishike foromali, kwa sababu ana upungufu wa watu wawili. Mmoja ni mimi. Kama uko Amu siku hizo, una mikono na hutapiki ovyo, niandikie. Chakula ni cha mjomba, maji ya kunywa uje nayo.

Na kama una daftari la zamani la Kiswahili lililoandikwa joshi ni mbio, lipige picha ukurasa huo unitumie. Ficha jina la mwalimu.